Sura ya 4: Meza Imejaa, Shamba Liko Mbali

Tangu nianze kushika bisibisi na kufungua kompyuta za watu hapa Kianjai, hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kama hili: "Fundi, kompyuta yangu inajivuta, na nimeambiwa ramu imejaa. Niweke programu gani ya kuisafisha?"

Mwalimu ameniuliza akiwa na alama za wanafunzi za kupakia kwenye tovuti ya KNEC, baraza la mitihani, na siku imebaki moja. Mama wa duka la jumla ameniuliza, hesabu zake za mwezi zikiwa zimekwama katikati. Wenye saiba, yaani maduka ya huduma za kompyuta, huniuliza kila mwezi wa Juni. Tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya kujaza ritani za kodi za KRA, na wiki hiyo foleni hutoka mlangoni ikafika kwenye barabara ya Maua.

Swali hili limebeba kosa ndani yake. Anayeuliza ameshaamini kwamba ramu iliyojaa ni ramu chafu, na kwamba dawa ya uchafu ni fagio. Mimi naye tuanze kwingine. Kabla ya kusafisha chochote, tujifunze kutazama.

Meza, majani ya ndizi na shamba

Ramu ni kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Kila unachokifanyia kazi sasa hivi, iwe barua unayoandika, ukurasa wa eCitizen uliofungua au programu ya printa, hukaa humo. Ukizima mashine, kila kitu kilichomo hupotea. Diski ni kumbukumbu ya kudumu, na faili zako hulala humo hata umeme ukikatika. Zote mbili hupimwa kwa gigabaiti. Gigabaiti moja ni nafasi ya kutosha herufi takriban bilioni moja.

Nenda alasiri kwenye banda lolote la miraa huku Tigania au kule Igembe. Wachambuaji wamekaa mbele ya meza. Juu ya meza kuna miraa inayofungwa sasa hivi. Pembeni kuna rundo lililofunikwa kwa majani ya ndizi, mabunda yaliyokwisha kufungwa, yanayosubiri mnunuzi. Kisha kuna shamba, ambako miraa yote hutoka, na huko ni mwendo.

Meza pamoja na lile rundo la pembeni ndiyo ramu. Shamba ndilo diski. Shida nzima ya kompyuta inayojivuta iko katika umbali huo wa kwenda shambani.

Umbali huo una vipimo. Ramu humjibu prosesa, ule ubongo wa kompyuta unaofanya hesabu, kwa muda wa karibu nanosekunde 100. Diski ya zamani, ile inayozunguka ndani kama sahani, huhitaji karibu milisekunde 10. Namba hizo ni ndogo mno kuzihisi, kwa hiyo tuzikuze. Tuseme kuchukua kitu mezani kunakugharimu sekunde 1. Kukifuata kwenye diski inayozunguka kutakugharimu zaidi ya saa 27, yaani siku nzima na kipande. Diski mpya za SSD, ambazo hazina kitu kinachozunguka, ni bora sana, lakini hata kwa hizo safari ni kama dakika 17 dhidi ya sekunde 1.

Meza ikijaa kabisa, kompyuta haikatai kazi. Inakopa. Inachukua sehemu ya diski na kuifanya ramu ya bandia, ikihamishia huko vitu ambavyo havijaguswa kwa muda. Windows huweka mkopo huo katika faili linaloitwa pagefile. Mkopo huu una riba, na riba yake ni muda wako. Unapobonyeza ukurasa uliouacha dakika kumi zilizopita na mashine ikakaa kimya huku taa ya diski ikiwaka bila kupumzika, hapo ndipo unalipa.

*Kwa ufupi: ramu ni meza, diski ni shamba. Kompyuta hujivuta pale inapolazimika kwenda shambani mara kwa mara. Meza kuwa na vitu si tatizo.*

Kipimo unacho tayari

Watu hutafuta programu za kupima ramu mtandaoni na wanayo moja ndani ya mashine. Kwenye Windows inaitwa Task Manager. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nayo itafunguka hata mashine ikiwa imeganda nusu.

Fuata hatua hizi:

1. Ikifunguka ikiwa ndogo, bonyeza maandishi yaliyo chini kushoto ili ionyeshe kila kitu.
2. Kwenye orodha ya programu, bonyeza kichwa cha safu ya "Memory". Orodha itajipanga upya, na mlaji mkubwa wa ramu atakaa juu.
3. Nenda "Performance", kisha "Memory". Utaona mchoro unaopanda na kushuka.
4. Chini ya mchoro, soma namba mbili tu kwa leo: "In use", yaani ramu inayotumika, na "Available", ramu inayoweza kupatikana mara moja ikihitajika.
5. Pembeni kuna "Slots used", idadi ya nafasi za kuchomeka ramu zilizokwisha kutumika. Iandike mahali. Tutarudi kwake.

Ukitumia kivinjari cha Chrome, nacho kina kipimo chake cha ndani. Bonyeza Shift na Esc ukiwa ndani yake, utaona kila ukurasa uliofunguliwa unakula kiasi gani. Chrome huendesha kurasa zake kama kazi zilizotengana, ili ukurasa mmoja ukianguka usiangushe nyingine. Usalama huo hulipiwa kwa ramu, ndiyo maana kurasa 25 zilizosahaulika zinaweza kuilemea mashine ya gigabaiti 4.

Na gigabaiti 4 ndicho kipimo cha kompyuta nyingi ninazofungua hapa. Ni zile tunazoziita ex-UK, mashine za ofisi zilizotumika ng'ambo na kuletwa Kenya kuuzwa upya, kama Dell OptiPlex na HP Compaq za miaka ya 2012 na 2013. Nazipenda mashine hizi. Zinavumilia vumbi na zinafunguka bila kuvunjika. Lakini ziliundwa wakati ukurasa wa intaneti ulikuwa mwepesi kuliko wa leo. Microsoft yenyewe imeandika gigabaiti 4 kuwa kiwango cha chini kabisa cha kuendesha Windows 11. Kiwango cha chini maana yake ni kwamba mashine itawaka. Kuhudumia foleni ya Juni ni habari nyingine.

Asilimia 85 haisemi unachodhani

Hapa ndipo wengi hupotea, na mimi nilipotea hapa kwa miaka.

Unaona asilimia 85 na moyo unashtuka. Lakini asilimia hiyo huhesabu kinachotumika tu, na sehemu iliyobaki inapatikana mara moja hata kama haiko tupu, kwa sababu Windows ya leo hujaza meza kwa makusudi. Ikiona ramu imekaa bure, huweka humo vitu inavyodhani utavihitaji karibuni: programu unayofungua kila asubuhi, faili ulilofunga sasa hivi. Hilo ndilo rundo la pembeni lililofunikwa kwa majani ya ndizi. Ukiliitisha, liko mkononi. Nafasi yake ikihitajika kwa kazi nyingine, linaondolewa papo hapo bila gharama. Ndiyo sababu rundo hilo huhesabiwa ndani ya "Available" hata ingawa nafasi hiyo haiko tupu.

Kuliona rundo lenyewe, fungua kipimo cha pili. Bonyeza kitufe cha Windows, andika resmon, kisha nenda "Memory". Utaona mstari mmoja mrefu wenye rangi. Kijani ni kinachotumika. Rangi ya machungwa ni vitu vilivyobadilishwa ambavyo havijaandikwa bado kwenye diski. Buluu iliyokolea ni lile rundo la pembeni. Buluu hafifu ni ramu iliyo tupu kabisa. Mtu asiyejua hufurahia buluu hafifu ikiwa kubwa. Mimi nikiiona kubwa kwenye mashine iliyofanya kazi tangu asubuhi, najua kuna mtu amesafisha kitu ambacho hakikuwa kichafu.

Dirisha hilohilo lina mchoro mmoja ninaouthamini kuliko asilimia zote, unaoitwa "Hard Faults". Kila unapopanda, kompyuta imetafuta kitu kwenye ramu ikakikosa, ikaenda kukichukua kwenye diski. Ni hesabu ya safari za shambani. Mchoro ukiruka mara moja unapofungua programu, ni kawaida. Ukikaa juu dakika nzima huku wewe ukibadilisha tu kurasa mbili, meza yako kweli ni ndogo.

*Kwa ufupi: usiogope asilimia peke yake. Ogopa "Available" ikishuka karibu na sufuri na safari za diski zikawa hazikomi.*

Wasafishaji

Sasa tufike kwenye fagio lenyewe.

Nilipoanza kazi hii niliwahi kuweka programu ya bure ya kusafisha ramu kwenye kila kompyuta ya saiba moja. Ilikuwa na duara kubwa jekundu. Ulibonyeza, duara likageuka kijani na asilimia zikaporomoka hadi nusu. Mwenye saiba alinishika mkono kwa furaha. Wiki iliyofuata akaniita: wateja walikuwa wakilalamika kuliko mwanzo. Kila baada ya duara kugeuka kijani, kurasa zao ziliganda kwa sekunde kadhaa kabla ya kuendelea. Nilichukua muda kuelewa nilichokuwa nimemfanyia mzee yule, na bado kinaniuma.

Programu ya kusafisha haiumbi ramu. Aina ya kwanza, ya zamani, iliomba kwa nguvu kipande cha ramu kikubwa kuliko kilichokuwepo. Windows ikalazimika kuhamishia vitu vya wengine kwenye diski ili kumtosheleza mwombaji. Kisha mwombaji akakiachilia kipande chote, namba ikaonyesha nafasi tele, na duara likawa kijani. Aina ya pili huamuru kila programu iachie ilichoshika, na pengine kulimwaga hata rundo la pembeni. Namba zinapendeza. Lakini mteja anapogusa tena ukurasa wake, vilivyotolewa lazima virudishwe, na vingine vinatoka shambani.

Biashara ya kuuza namba zinazopendeza ina historia. Mwaka wa 1995 ramu ilikuwa ghali mno, megabaiti moja, kipimo kidogo kuliko gigabaiti, ikigharimu karibu dola 30 za Marekani, na Windows 95 ilikuwa imetoka ikiwa na njaa. Kampuni ya Syncronys ikauza programu iliyoitwa SoftRAM 95, ikiahidi kuongeza ramu maradufu bila kununua chochote. Mamia ya maelfu ya nakala ziliuzwa. Wataalamu waliipasua, wakiwemo Mark Russinovich na Bryce Cogswell, wakaona kwamba sehemu iliyodaiwa kukamua ramu haikukamua chochote. Mwaka wa 1996 tume ya Marekani inayolinda wanunuzi iliibana kampuni hiyo, nayo kampuni ikakubali kuwarudishia wateja pesa. Russinovich na Cogswell waliendelea kutengeneza vipimo vya kweli chini ya jina Sysinternals, na Microsoft ikavinunua mwaka wa 2006. Kipimo kimoja cha jina hilo, RAMMap, ni cha bure na huonyesha kila gigabaiti imeenda wapi. Ni kizito kwa anayeanza, lakini fundi akikizoea hakiachi.

Je, hakuna msafishaji wa kweli hata mmoja? Wapo wanaofanya wanachosema, bila hila. Mem Reduct ni mfano mzuri: ni ndogo, ya bure, na msimbo wake, yaani maandishi yaliyoiunda, uko wazi kwa yeyote kuusoma. Ukiiweka, namba ya asilimia hukaa karibu na saa ya kompyuta, na dirisha lake huonyesha mafungu matatu: ramu halisi, ile ya mkopo kwenye diski, na ramu inayoshikwa na mfumo wenyewe. Ukitaka kuanza nayo, ushauri wangu ni huu:

- Ipakue kwa mwenyewe aliyeiunda, wala si kwenye tovuti inayokusanya programu za watu.
- Zima kusafisha kwa kujiendesha. Iache iwe saa ya ukutani, ya kutazamwa.
- Kwenye orodha ya maeneo ya kusafisha, usiguse yale yaliyowekewa alama ya nyota. Ndiyo yanayomwaga rundo la pembeni au kulazimisha vitu kuandikwa kwenye diski kwa mkupuo, na mashine huganda hapo hapo.

Sijawahi kuona mashine ya saiba ikiokolewa na kitufe cha kusafisha. Nimeona nyingi zikiokolewa na ile namba ndogo kando ya saa, kwa sababu ilimfanya mtu atazame.

Kuna jambo zito kuliko kujivuta. Wasafishaji wengi huomba ruhusa ya msimamizi wa mashine, yaani uwezo wa kugusa kila kitu. Kwenye kompyuta ya nyumbani hilo ni jambo lako. Kwenye saiba, kibodi hiyohiyo hupokea nywila za KRA za watu, namba za vitambulisho, usajili wa bima ya afya ya SHA wa mama mjamzito, akaunti ya mkopo wa masomo wa HELB ya mtoto wa jirani. Programu ya kusafisha usiyoijua ilikotoka, ikipewa ruhusa hiyo, inaweza kusoma vyote. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka wa 2019, nayo inamtwika wajibu anayeshughulikia taarifa za watu. Lakini hata pasingekuwa na sheria, yule bibi aliyekaa kwenye kiti chako akakusomea nywila yake kwa sauti amekuamini wewe.

Daftari la wiki moja

Mwaka mmoja, mwanzoni mwa Juni, mwenye saiba karibu na steji aliniita kwa lile swali la kila siku. Safari hii sikuweka programu. Nilimwomba daftari.

"Mzee," nikamwambia, "kila saa mbili fungua Task Manager, uandike mambo matatu: saa, namba ya Available, na programu iliyo juu kabisa kwenye orodha."

"Fundi, mimi nataka mashine ipone, wewe unanipa kazi ya darasani?"

Lakini aliandika. Wiki ilipoisha tuliketi na daftari lile tukaona mambo mawili ambayo hakuna fagio lingetuonyesha.

La kwanza, programu ndogo iliyokuja na printa haikuwemo daftarini asubuhi, lakini jioni ndiyo iliyokuwa juu ya orodha, kila siku. Hiyo huitwa kuvuja kwa ramu: programu inaomba nafasi, inamaliza kazi, lakini hairudishi nafasi. Siku nzima inaomba tena na tena. Dawa ni kuipatia toleo jipya au kuitoa, na wakati unasubiri, kuwasha mashine upya mchana. Nasema kuwasha upya, si kuzima. Tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili asubuhi iwake haraka, na baadhi ya uchafu huamka nayo. Chagua "Restart".

La pili, alasiri Chrome ilikuwa imeshika kurasa za wateja waliokwisha kuondoka. Baadhi zilikuwa bado ziko ndani ya akaunti zao. Mzee alinyamaza kidogo alipoona hivyo. Kuanzia siku hiyo, mteja akiinuka, kivinjari kizima kinafungwa mbele ya macho yake. Ramu ilirudi, na siri za watu zikafungwa.

Kipande cha tatu

Hayo mawili yalitosha kwa siku za kawaida. Kwa wiki ya mwisho ya Juni hayakutosha: daftari, ambalo mzee aliendelea kuliandika, lilionyesha Available chini ya megabaiti 200 kuanzia saa nne asubuhi, na kwenye mchoro wa Hard Faults safari za diski zilikuwa hazikomi. Hapo meza ilikuwa ndogo kweli, na meza ndogo hupanuliwa kwa ramu ya kununua.

Kununua kuna mitego. Ramu za DDR3 na DDR4 haziingiliani. Pengo lililokatwa chini ya kipande liko mahali tofauti, na ukilazimisha utavunja. Ya kompyuta ya mezani ni ndefu, ya laptopu ni fupi. Ramu ya seva inaweza kufanana na yako kwa umbo na mashine isiwake. Kwa hiyo nenda dukani na kipande chako cha zamani mkononi, ulinganishe maandishi ya lebo. Chomoa waya wa umeme, shika chuma cha kasha kwanza ili kuondoa umeme tuli ulio mwilini, kisha sukuma kipande mpaka vibano vya pembeni vijifunge vyenyewe.

Tuliongeza kipande cha gigabaiti 4 kwenye OptiPlex 7010 ya mzee, kando ya viwili vya gigabaiti 2 vilivyokuwemo. Tukawasha. Windows ikasema inatumia gigabaiti 3.2.

Mzee alinitazama. Nami nilikuwa nimesahau kuangalia jambo la kwanza kabisa: Windows iliyokuwemo ilikuwa ya biti 32, na hiyo haiwezi kuhesabu zaidi ya gigabaiti 4, sehemu ya hizo zikienda kwa vifaa vingine vya mashine. Utalijua hilo mapema ukifungua "Settings", "System", kisha "About". Tulihifadhi faili zake, tukaweka Windows ya biti 64, na kazi hiyo ikatuchukua hadi usiku, mkewe akituletea chai mara mbili.

Asubuhi alifungua Task Manager mwenyewe, bila kuniita. Gigabaiti 8. Slots used, 3 of 4. Akachukua daftari lake na chini ya safu ya mwisho akaandika: nafasi imebaki moja.